Kabla ya Kuwasha Injini

Kutoka Capri Point, hapa Mwanza, hadi Kisiwa cha Saanane ni karibu sana, na ndiyo maana wageni wengi hawataki kuvaa jaketi la kuokolea. "Si hapo tu, kaka?" Nawaambia boti haiondoki mpaka kila mtu afunge kamba zake, na wakiwa bado wanahangaika nazo nawasimulia habari za MV Bukoba.

Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, meli ile ikitokea Bukoba kupitia Kemondo, imejaza kupita uwezo wake, ilipinduka ikiwa imeshakaribia Mwanza. Tumbo lake lilibaki juu ya maji, walionaswa ndani wakigonga chuma. Lilipotobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa ikiifanya meli ielee ikatoka, nayo ikazama. Inakadiriwa waliokufa walizidi 800, na wengi wamezikwa Igoma, hapa hapa jijini. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere nacho kikapinduka, kikiwa kimebakiza kidogo tu kutia gati kisiwani Ukara.

Baadhi ya waongozaji wenzangu wanasema nawatia watu simanzi kabla matembezi hayajaanza. Sikubaliani nao. Ziwa hili nalipenda, ila anayelisifia machweo na kuiruka Igoma amesimulia nusu. Mara nyingi botini huwamo mtu wa Kagera, ilikotoka MV Bukoba, anayenyamaza ghafla. Simuulizi kitu.

Kisiwa kinaitwa kwa jina la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa na makazi yake pale kabla Serikali haijakichukua mwaka 1964 kuanzisha bustani ya wanyama. Tangu 2013 ni Hifadhi ya Taifa yenye kilometa za mraba 2.18 tu, tena sehemu kubwa ni maji. Watoto wa shule wakishuka hukimbilia swala. Mimi nawachelewesha kwenye majabali. Pimbi wamejianika juu ya jiwe, wanene, hawana mkia wa kuonekana, wanatukodolea macho. Nikisema ndugu zao wa karibu ni tembo, darasa zima linabisha, na hapo ndipo somo linapoanza, kutoka kwa pimbi hadi jabali walilokalia: granaiti ile ilipoa chini kabisa ya ardhi, ikapasuka, maji yakala kingo za nyufa, udongo ukasombwa kwa mamilioni ya miaka, yakabaki mawe yamebebana hivi tunavyoyaona.

Tukirudi, wanaomba tupite Jabali la Bismarck wapige picha. Tunapita. Kansela yule wa Ujerumani hakuwahi kukanyaga Mwanza, nami simwongezei maneno.

Mwenye siku ya pili namshauri aende Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma, hasa mwezi Juni wakati wa tamasha la Bulabo, makundi ya Bagika na Bagalu yanapopambana kwa ngoma. Ushindi huenda kwa upande uliovuta watu wengi zaidi, kwa hiyo mgeni naye, akishachagua pa kusimama, amehesabiwa.