Jina Lipi Litangulie? Mulahadha juu ya Marejeleo katika Miswada ya Uhakiki wa Kiswahili

Mswada wa makala ya uhakiki unaporudishwa na mhariri, aghalabu huandamana na maoni ya aina mbili. Yapo yahusuyo hoja, ambayo mwandishi huyasoma kwa moyo wa kujihami. Na yapo yahusuyo marejeleo, ambayo huyashughulikia usiku wa mwisho, akihamisha nukta hapa na mkato pale. Mgawanyo huu umezoeleka mno hata katika idara za Kiswahili, ambako mwanafunzi wa uzamili huingiwa na imani kwamba marejeleo ni kazi ya usafi, mithili ya kufagia ukumbi baada ya karamu. Kwa fasihi nyingine huenda ikawa hivyo. Katika fasihi ya Kiswahili, anayepanga orodha ya marejeleo tayari anahakiki, apende asipende.

Lichukuliwe suala la majina. Mitindo inayotumiwa na majarida mengi, yaani ule wa APA, wa MLA na wa Chicago, hutanguliza jina la mwisho kwa dhana kwamba hilo ndilo la ukoo. Dhana hiyo inamfaa Euphrase Kezilahabi. Haimfai Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki mnamo 1840. Haji ni babake. Diwani ya Muyaka ilihaririwa na William Hichens na kuchapishwa Johannesburg mwaka 1940. Basi mtunza kanuni asiyefikiri huandika "Haji (1940)", na kwa neno moja na tarakimu nne huwa amempa baba mashairi ya mwana na kuyasogeza mbele kwa karne nzima. Wengine humtia chini ya G kwa sababu ya nisba ya al-Ghassaniy. Msomaji anayemtafuta Muyaka pale anapostahili kuwapo, kwenye M, haambulii kitu.

Kwa Mwana Kupona binti Msham jambo hili huwa kichekesho kisichochekesha. Utendi wake wa 1858 ni usia wa mama kwa bintiye, na ni miongoni mwa sauti chache za kike za karne ya 19 zilizohifadhiwa kwa jina la mtunzi. Akiorodheshwa kama "Msham, M. K.", sauti hiyo huingia orodhani kwa jina la mwanamume. Njia nyingine inayopendwa si bora: kwa kuwa chapa inayotumiwa mara kwa mara ni ya Alice Werner na William Hichens ya mwaka 1934, mwandishi huona usalama katika kuwataja wao. Hapo ndipo mhakiki wa nadharia ya kifeministi anapojikuta ameandika, kwa nia njema kabisa, kwamba Werner na Hichens wanamtaka mke amtii mumewe. Mtunzi ameondolewa kwenye kazi yake na mabano mawili tu. Jina la mtunzi lingetangulia, na wahariri wakafuata baada ya anwani, lawama na sifa zingemwendea mwenyewe.

Hata hivyo haifai kuipeleka hoja hii mbele kupita kiasi. Robert ni jina la baba wa Shaaban Robert, na kwa mantiki hiyo hiyo angepaswa kuorodheshwa chini ya S. Lakini vitabu na tasnifu vimemweka chini ya R kwa miongo mingi, na hapo ndipo msomaji anapomtafuta. Mazoea yaliyokita mizizi yana haki yake. Matatizo zaidi huletwa na Wazanzibari wawili, Mohamed Suleiman Mohamed na Said Ahmed Mohamed. Makala isemayo "Mohamed (1976)" na, aya mbili baadaye, "Mohamed (1980)", humfanya mgeni wa fasihi hii aamini kuwa mtunzi wa Nyota ya Rehema alikua kisanaa akaandika Utengano. Herufi za mwanzo za majina zikiwekwa ndani ya matini, utata unaisha. (Programu za kompyuta za kupanga marejeleo hazisaidii sana hapa, kwani nyingi hudai jina lipasuliwe vipande viwili, Zotero huruhusu jina lote liandikwe katika kisanduku kimoja, ila ni wachache wanaojishughulisha kukitafuta.)

Mwaka nao una hila zake. Kusadikika ilichapishwa 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza. Mwanafunzi mwenye nakala ya Mkuki na Nyota mkononi huandika mwaka wa nakala hiyo, kisha hujenga hoja ya ukosoaji wa ukoloni juu ya tarehe ya baada ya uhuru. Kufikirika, kwa upande wake, ilitoka 1967, na mwandishi alikuwa amefariki tangu 1962. Tarehe mbili ndani ya mabano, ya kwanza na ya chapa iliyotumika, zinatosha, na hakuna mtindo unaozikataza.

Lakini lililo zito zaidi limetokea karibuni, na limepita bila kelele. Mwongozo wa MLA wa 2016 uliacha kudai mji wa uchapishaji kwa vitabu vingi, na toleo la saba la APA, lililotoka 2019, likauondoa kabisa. Sababu inaeleweka: wachapishaji wakubwa wana ofisi katika miji mingi na vitabu hutafutwa kwa kompyuta. Kwa msomaji wa fasihi ya Kiswahili, mji ni habari. Abdilatif Abdalla alifungwa kutoka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wa Kenya: Twendapi? wa mwaka 1968. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalichapishwa na Oxford University Press mwaka 1973 kwa anwani ya Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, jina la rais ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi. Mji wa uchapishaji ulikuwa Nairobi. Ukifutwa, na jina la mchapishaji likabaki peke yake, msomaji wa mbali atadhani sauti hiyo ilipata pa kusemea Uingereza. Jarida la fasihi ya Kiswahili lingefanya vyema kuudai mji katika mwongozo wake, hata kama linajinasibisha na APA katika mengine yote.

Waraka wenyewe ni mtihani mwingine. Kanuni husema kazi isiyo na jina la mtunzi iorodheshwe kwa anwani yake. Mtunzi wa Kenya: Twendapi? anajulikana leo, naye alilipia kwa miaka mitatu ya maisha yake. Kuuorodhesha kana kwamba haukuandikwa na mtu ni utiifu wa kanuni usio na maana. Jina katika mabano ya mraba hukidhi haja: huonyesha kwamba waraka haukulibeba, na kwamba mwenyewe hakupotea.

Labda mgumu kuliko wote ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. Huyu ndiye aliyemsaidia W. E. Taylor kuyakusanya na kuyafafanua mashairi ya Muyaka mwishoni mwa karne ya 19, na karatasi za Taylor zikaishia London, katika maktaba ya SOAS. Mitindo ina nafasi ya mtunzi, ya mhariri na ya mfasiri. Sikujua hakuwa yeyote kati ya hao, na kila aliyefungua diwani ya 1940 amemsoma Muyaka kupitia masikio na mkono wake. Katika orodha nyingi za marejeleo jina lake halipo chini ya S, wala chini ya A, wala chini ya B.