Kama: Nyoka kwenye lengalenga, na somo la mzee mwenye lupango

KAMA, teritware ya Pangi. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika, na mama mmoja mhami alikuwa anapalilia lengalenga nyuma ya nyumba aliyopewa kukaa. Aliinua jembe, akaliacha hewani. Hatua mbili mbele yake, kitu alichodhani ni majani makavu kilitoa pumzi kwa nguvu, kama mpira wa baiskeli unaotoka upepo. Mwanawe wa miaka tisa alikuwa nyuma yake, tayari ameshika mti mkononi.

"Mupige, mama!"

Mzee mwenye lupango alisikia kelele, akatoka jikoni. "Simama hapo hapo, mwanangu. Usimpige. Rudi nyuma, mguu mmoja kisha mwingine. Na wewe mtoto, tupa huo mti chini."

Walirudi nyuma. Mzee alichomeka kijiti mbali na tuta hilo kama alama, na siku nzima hakuna aliyelikaribia. Kesho yake asubuhi nyoka hakuwapo tena.

Kwa mama huyo, hapo ndipo hofu ilipoanza. "Afadhali ningemuona amekufa, baba," alimwambia mzee. "Sasa sijui amelala wapi, na watoto wangu wanalala chini." Alitaka kuacha lile shamba dogo kabisa. Lakini lengalenga ile ndiyo mboga ya watoto wanne, na inayobaki huuzwa ili chumvi na sabuni vipatikane. Akiliacha shamba, watakula nini?

Mzee alimjibu bila kumcheka: "Ungemkaribia na jembe, jana tungekuwa barabarani, wewe ukiwa kwenye kipoyi."

Mama huyo si mtu asiyejua nyoka. Alikimbia kutoka upande wa Kabambare, na huko nyasi ni nyingi kuliko msitu. Anamjua kifutu wa nyasi, mnene, anayelala njiani jioni. Anamjua swila anayetema sumu machoni, na anajua kwamba aliyetemewa huoshwa macho kwa maji mengi safi. Lakini Kama ni nchi ya msitu, na nyoka wa hapa wana tabia zao. Mhami anapofika hutafuta maji, kuni na mahali pa kulima. Ni wachache wanaokumbuka kumuuliza mwenyeji: huku kwenu, nyoka gani wanakaa wapi?

Jioni hiyo mzee alimuelezea, na majirani wahami wakasogea kusikiliza.

Yule wa kwenye lengalenga ni kifutu wa msitu, anayeitwa pia vipera wa Gabon. Mwili wake ni mnene na umechorwa rangi za majani yaliyoanguka, kichwa ni kipana kama jani. Meno yake ya sumu yanaweza kufika sentimita 5. Hana haraka na hakimbii, bali hungojea panya bila kusogea, na ndiyo maana watu humkanyaga. Anaye ndugu mwenye pembe ndogo puani na rangi nyingi za kung'aa, ambaye hupenda zaidi mahali penye unyevu. Hawa wawili hutembea usiku.

Wa pili ni kobra wa msitu. Mgongo wake ni mweusi unaong'aa, shingo kwa mbele ni nyeupe au ya manjano yenye mikanda myeusi. Hupenda karibu na maji, kwenye vyura na samaki, lakini pia hufuata panya mpaka nyumbani. Akibanwa huinua kichwa na kupanua shingo. Ukimpa njia, huondoka.

Wa tatu ni mamba wa miti, nyoka wa kijani, mwembamba na mwenye mbio. Huyu anawahusu zaidi wanaopanda michikichi kukata ngazi. Wapo pia nyoka wengine wa kijani wasio na sumu ya kumdhuru mtu, lakini kuwatofautisha kwa macho ni kazi ngumu. Sheria ya mzee ni moja: nyoka wa kijani aachwe mtini, na anayepanda aangalie makuti kwanza.

Kijana mmoja alisema yeye hutambua nyoka mwenye sumu kwa kichwa chenye pembe tatu. Mzee alikataa. Kobra na mamba wa miti wana vichwa vyembamba, na sumu yao inaua. Kwa upande mwingine, nyoka mla mayai, ambaye hana sumu kabisa, hutanua kichwa na kusugua magamba mpaka yalie, ili adhaniwe ni kifutu. Tena yule mdogo anayeitwa nyoka wa vichwa viwili, anayefukuliwa wakati wa kulima, ana kichwa kimoja tu. Mkia wake ndio unaofanana na kichwa. Chakula chake ni mchwa na siafu, na hana neno na mtu.

Basi kutambua nyoka kunasaidia, lakini si ruhusa ya kumshika. Watu wengi huumwa wakimkanyaga nyoka bila kumuona, au wakijaribu kumuua. Hata kichwa kilichokatwa kinaweza kuuma bado.

Kesho yake kazi ilianza. Panya ndiye anayemleta nyoka, kwa hiyo mahindi na karanga zilitolewa chini ya kitanda zikawekwa juu ya kichanja, kwenye chombo chenye kifuniko. Kuni zilihamishwa mbali na mlango. Nyasi zilifyekwa kuzunguka nyumba, na majani makavu yakaondolewa kwenye matuta. Tundu la ukutani lilizibwa kwa udongo. Watoto walipandishwa kwenye kitanda cha miti, na chandarua kikakunjwa ncha zake chini ya mkeka, maana kinazuia mbu na nyoka pia. Usiku hakuna anayekwenda chooni bila tochi. Kabla ya kupalilia, mama hugonga tuta kwa mti mrefu, na hatii mkono mahali ambapo jicho halijaona.

Na akiumwa mtu? Hapo mzee mwenyewe alikiri kwamba zamani walikosea. Walifunga kamba kwa nguvu, walichanja kwa wembe, wakaweka jiwe jeusi. Jiwe hilo hushikamana na damu, lakini halitoi sumu mwilini. Kamba iliyokazwa juu ya sumu ya kifutu inaweza kuuozesha mguu mpaka ukatwe. Linalofaa ni hili: mtu atulie na asitembee kwa miguu yake. Pete na bangili zitolewe kabla ya kuvimba. Mguu au mkono ufungiwe mti ili usisogee, kama unavyofanya kwa mfupa uliovunjika. Abebwe kwa pikipiki au kipoyi hadi kituo cha afya, na saa aliyoumwa ikumbukwe. Nyoka asifukuzwe, kumueleza rangi na umbo kunatosha. Sumu ya kifutu huvimbisha na kutoa damu. Ya kobra na ya mamba huangusha kope, huzuia kumeza, kisha pumzi. Aliyeumwa asingojee dalili hizo ndipo aondoke nyumbani.

Jambo hili si la Kama peke yake. OMS, Shirika la Afya Ulimwenguni, inakadiria kwamba watu milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka duniani, na kati ya 81,000 na 138,000 hufa. Mwaka 2017 iliingiza sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa, na imeweka lengo la kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Wanaoumia zaidi ni wakulima, watoto, na wanaolala chini. Wahami wengi ni hayo yote matatu.

Kwa hiyo wakaaji na wahami wanaombwa kuuliza leo, kabla ya ajali: kituo gani cha afya kilicho karibu kina serumu dhidi ya sumu ya nyoka? Kama hakina, kinampeleka mgonjwa wapi, na nani ana pikipiki usiku?

Siku chache baadaye, yule mtoto wa miaka tisa aliona nyoka wa kahawia nyuma ya banda la kuku. Safari hii hakushika mti. Alisimama, akarudi nyuma, akaita: "Tate, kuja uone!" Mzee alitazama kwa mbali, akaona mistari miwili myeupe kila upande wa kichwa. "Huyu ni mla panya. Hana sumu. Muache afanye kazi."

Mama alikaa kimya kidogo, kisha akarudi kwenye lengalenga yake, mti mrefu mkononi.

"Abaki," alisema. "Lakini ndani ya nyumba asiingie."