Mbona Viatu Hujapiga?

Picha iliyosifiwa kuliko zote nilizowahi kupiga niliifuta mwezi wa nane mwaka jana, nikiwa TP Mkuranga. Niliifuta kwenye benchi la nje ya ofisi ya walimu, mama wa mtoto akiwa amekaa pembeni yangu anaangalia.

Nilipangiwa darasa la awali. Siku ya pili tu nikatoa simu, na nani hatoi? Sote tunazo zile picha: madam katikati, watoto wamemzunguka, vidole viwili juu, chini yake maneno "wanangu" na kopakopa tatu. Zangu zilikuwa mbaya. Ilinichukua wiki mbili za kuhangaika peke yangu kujua kwa nini, na niseme hapa ili mwaka huu mwingine asihangaike.

Kwanza jua. Saa sita mchana jua la kwetu liko utosini, paji la uso linang'aa na macho yanakuwa mashimo. Ukimweka mtoto mlangoni, nyuma yake uwanja wa mchanga mweupe, simu inapima mwanga wa nje na uso wake unabaki giza, unaona meno tu. Halafu tunacheka eti ngozi zetu hazipendi kamera. Ngozi haina kosa. Miaka mingi picha za rangi za Kodak zilipimwa kwa kadi yenye sura ya mwanamke mzungu, waliita kadi ya Shirley, kwa hiyo mashine haikutengenezwa ikituwaza sisi. Simu ya leo unaweza kuibishia: gusa uso wa mtoto kwenye kioo, kisha pandisha mwanga kwa kidole. Au mgeuze tu, yeye atazame mlango, wewe uupe mgongo. Dirisha la darasa saa tatu asubuhi linatosha kabisa, na ule mchanga wa nje unarudisha mwanga hadi chini ya kidevu. Bure.

Pili, shuka chini. Ukimpiga mtoto wa miaka mitano ukiwa umesimama unapata utosi wake na macho yanayotazama juu kama anaomba kitu. Sketi yangu ya field ilichakaa magotini, sijutii. Na usimwambie "cheka", atakukenulia. Muulize leo nani kachelewa namba, utapata uso wake halisi, na usipige moja, piga nyingi mfululizo.

Wiki ya tatu nilijiona nimeiva. Asubuhi ya uji kulikuwa na binti mmoja amesimama foleni na kikombe chake cha plastiki, mwanga unampiga ubavuni, kola ya shati imechanika, ananitazama moja kwa moja. Nikapiga magoti. Nikamkata kiunoni ili sura ijae. Yeye alikuwa ananiambia kitu, "madam, madam, huku," ananyoosha mguu. Nikamwambia tulia kidogo mama.

Jioni nikaiweka status. Simu haikupumzika. Mmoja akaandika kwamba inafaa bango la shirika la misaada. Mwingine akauliza atume wapi hela ya sare. Nilifurahi, nawaambia ukweli. Sikujiuliza mtu ameona nini hadi awaze kutuma hela.

Status haina siri. Mwalimu mmoja pale alikuwa na namba yangu, akamwonyesha jirani, jirani akafika kwa mama. Jumatatu akaja shuleni. Kanizidi labda miaka sita, lakini nikamwamkia shikamoo kwa woga. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

"Mwalimu, siku ile alikuja na viatu vipya," akasema. "Kavililia tangu mwezi wa tano. Mbona viatu hujapiga?"

Nikaukumbuka ule mguu.

Akaendelea kwamba kola ilichanika njiani wakivutana na wenzake, na jioni ile ile aliishona. Sasa watu wanamuuliza kama ana shida nyumbani. Semina ya Sheria ya Mtoto ya 2009 mimi nilihudhuria. Kwenye mtihani niliandika vizuri tu kwamba mtoto ana haki ya kutoa maoni yake na kusikilizwa, nikapewa maksi zote. Hapo kwenye benchi nilichoweza kusema ni samahani mama, nikafuta, nikamwomba nimpige mwanawe upya. Akasema Jumamosi, nyumbani kwake, saa kumi jioni. Saa alipanga yeye, na ndiyo saa nzuri.

Nilimkuta binti ameogeshwa, kapakwa mafuta, kavaa gauni la Idi, kasimama ukutani mikono ubavuni kama yuko paredi. Nikamuuliza habari za namba, za kuku, za nani kalia jana. Hakucheka hata kidogo. Nikapiga kumi na nne. Mimi naipenda ya tisa: kainama kufuta vumbi la kiatu kwa kidole, akainua macho ghafla. Mama akachukua simu, akapitisha moja moja taratibu, akachagua ya pili. Kasimama wima, kidevu juu, jicho la kushoto karibu limefumba, viatu vyote viwili vinaonekana. Nikataka kumweleza kuhusu lile jicho, nikanyamaza.

Niliisafisha Mbagala, nakala mbili, nikampelekea siku ya kuaga. Ya tisa niliomba kubaki nayo mwenyewe tu. Mama akasema nimuulize mwenye picha. Binti akaitazama sana, akaikuza kwa vidole viwili, akauliza kiatu kingine kiko wapi.

Nikamwambia kiko nyuma ya gauni. Akafikiri, kisha akasema sawa, ila nisimwonyeshe mtu.