Nenda Kakwame Kwanza

Bwenini kwetu kipanga wa Fizikia, yule aliyeijua kuliko wote, alikuwa na sharti moja: usimwendee na karatasi tupu. Ukimfuata baada ya prepo na swali ulilonakili kwa mwandiko mzuri, lakini chini yake hakuna hata mstari mmoja wa kazi, alikurudisha. "Nenda kakwame kwanza," alikuwa akisema, kisha anaendelea kufua soksi zake.

Ilikuwa miaka ya tisini, mchepuo wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), na kitabu kilikuwa Nelkon na Parker, kile kilichotoka mara ya kwanza 1958. Nakala zilikuwa chache, majalada yameshonwa upya kwa uzi wa gunia, na kulikuwa na foleni ya nani analala nacho leo. Watu husahau kwamba hata wakati ule jibu halikuwa adimu. Lilikuwa nyuma ya kitabu, limechapwa. Tulichokosa ni njia ya kufika pale, na njia hiyo ilikuwa kichwani mwa watu wawili watatu shule nzima, mwalimu akiwemo kama siku hiyo hana vipindi kwingine.

Chukua swali la kawaida la kidato cha tano. Mzigo wa kilo 5 unateleza kwenye ubao ulioinama nyuzi 30, kipimo cha msuguano ni 0.2, tafuta mchapuko. Kipanga hakugusa kalamu. "Chora. Nini kinaugusa mzigo?" Ubao. "Na nini kinauvuta bila kuugusa?" Dunia. "Basi ubao unakupa mishale miwili, mmoja wa kuusukuma mzigo, mmoja wa msuguano, dunia inakupa mmoja. Huu wa nne umetoka wapi?" Wa nne ulikuwepo karibu kila daftari: mtu anachora uzito ukielekea chini, halafu anachora tena sehemu ya uzito huohuo ikiteremka na ubao, kana kwamba ni nguvu nyingine. Dunia inavuta mara mbili. Ukiufuta mshale huo hesabu inalainika, unapata mita 3.2 kwa sekunde kila sekunde, na unadhani mmemaliza. "Mbona zile kilo 5 hukuzitumia?" Hapo anazima taa. Unalala na swali jipya kuliko ulilokuja nalo.

Lakini nisiusifu sana wakati ule. Msaada ulikuwa wa bahati. Kama kipanga hakupendi, au anataka sukari yako kwanza, imekula kwako. Wasichana walifungiwa upande wao baada ya prepo, kwa hiyo swali lililokwama saa nne usiku lilingoja mpaka asubuhi, na asubuhi kuna pepa. Wa kutwa walikuwa na hali mbaya zaidi: nyumbani hakuna mtu wa kumuuliza, na wazazi wengi waliziona hesabu zenye herufi kama uganga.

Mjini kulikuwa na twisheni. Dar es Salaam, mtu wa PCM akisema anakwenda Mchikichini, hakuna aliyedhani anakwenda sokoni. Darasa limejaa hadi dirishani, ticha anapiga pindi kwa Kiswahili kitupu akiandika ubaoni kwa Kiingereza. Huko ndiko madesa yalikonona: maswali ya miaka ya nyuma ya Baraza la Mitihani, yamesolviwa hatua kwa hatua, yametolewa fotokopi ya fotokopi mpaka alama ya kujumlisha inafanana na ya kugawanya. Desa lilikuwa la kwanza kutoa njia yote bila kukuuliza umefika wapi. Tulilipenda kwa sababu hiyohiyo.

Mwaka 2009 mkongo wa intaneti wa SEACOM ulifika Dar kupitia baharini, na baada ya muda intaneti ikashuka bei, simu za kugusa zikafuata. Desa likahamia WhatsApp. Mtu anapiga picha swali, anarusha kwenye grupu, na kabla chai haijapoa kuna majibu matatu, mawili yakipingana. Zile hoja za usiku kuhusu nani yuko sahihi zilikuwa na faida, hata kama nusu yake ilikuwa matusi.

Halafu mwishoni mwa 2022 ikaja ChatGPT, na mabishano yakapungua. Mpwa wangu, anayesoma PCM na kuruhusiwa simu likizo tu, alinionyesha swali la trigonometria: 2sin²x = sin x, tafuta x kuanzia 0 hadi 360. Yeye aligawanya pande zote kwa sin x, akapata 30 na 150. Simu ikaleta matano: 0, 30, 150, 180, 360. Akanakili matano. Nilipomuuliza yale matatu mengine aliyapoteza wapi, akanitazama kama nimeuliza habari za jirani.

Aliyatupa pale alipogawanya, kwa sababu sin x inaweza kuwa sifuri, na kwa sifuri hakuna kugawanya. Ukihamishia kila kitu upande mmoja na kutoa sin x nje ya mabano, yanabaki salama. Simu ilikuwa imeyaeleza yote hayo vizuri, kwa hatua, tena kwa adabu kuliko kipanga wetu. Ila ilieleza njia yake yenyewe. Kosa la mpwa lilikuwa daftarini, na daftari hakuna aliyelionyesha.

Siku hizi anapiga picha ukurasa wake mwenyewe, uchafu wote, na kuuliza ni mstari gani umeharibika, bila kutaka jibu. Mara nyingine simu inamtajia mstari usio na kosa. Hapo wanabishana, na akishindwa kuishawishi ananipigia mimi, kwa kawaida wakati ninakula.