Huku Wanauita Athi

Thika, Jumapili jioni

Mjomba! Mimi mzima, ila magoti. Jana nilipanda Kilimambogo, na leo nashuka ngazi za gesti nimeshika ukuta.

Ulinituma nikifika bara nikutazamie mto unakotoka, maana Sabaki ukija mwekundu bahari ya Mambrui yote inachafuka na hamjui mumlaumu nani. Basi nimeuona. Huku wanauita Athi, na unapita chini ya mlima huu.

Jana asubuhi nilichukua matatu hapa Thika, tukashika barabara ya Garissa, mananasi huku na huku mpaka macho yakachoka. Kwenye lango la hifadhi nikapewa askari mwenye bunduki, kwani jina la mlima si pambo: mbogo wamo. Njiani tulikuta kinyesi chao kingali kinafuka mvuke. Askari akasimama, akainua kiganja. Mimi nikatafuta mti wa kukwea. Yote ilikuwa miembamba. Baadaye akasema tu, "Twende, wameshapita." Kilomita tisa hivyo hivyo, vijiwe vinateleza chini ya viatu, mpaka mita 2,145.

Kabla ya kilele kuna kaburi la tajiri wa Kimarekani, William Northrup McMillan, mwenye shamba la Juja alikomkaribisha Roosevelt mwaka 1909. Alikufa 1925. Wanasimulia kwamba azikwe kileleni ndiyo ilikuwa nia, lakini gari lililobeba jeneza likashindwa na mwinuko, wakamzika palepale. Mkewe yupo kando, na mtumishi wao Louise Decker, na mbwa pia. Wakikuyu walikuwa na jina lao la mlima huu kabla yake: Kĩrĩma kĩa Njahĩ, mlima wa njahi, zile fiwi nyeusi zenye mstari mweupe. Wazee waliuhesabu miongoni mwa makao ya Mungu. Mimi nililipenda hilo la fiwi.

Tukapumzika penye uwazi, askari akaninyooshea kidole upande wa Nyandarua. Huko, kusikoonekana kwa ukungu, ndiko liliko bwawa la Ndakaini, lililokamilika 1994, lenye nafasi ya maji mita za ujazo milioni 70. Nairobi sehemu kubwa inakunywa humo. Sasa nisikilize vizuri mjomba. Ndakaini limeuziba Mto Thika, na Thika kwa asili yake unaingia Tana. Lakini maji yakishafungwa yanapelekwa Nairobi, yananywewa, yanaogewa, yanapita vyooni, kisha mengi yanaangukia Mto Nairobi, nao unaingia Athi. Kwa hiyo maji yaliyokuwa yaende Kipini kwa njia ya Tana yanazungushwa mjini, halafu yanaletwa kwenu.

Wekundu, kusema haki, si wa Nairobi. Huo ni udongo wa mashamba, mvua inaukomba njia nzima. Cha Nairobi nilikiona mchana, niliposhuka Fourteen Falls. Mto unajigawa juu ya miamba, unaanguka vijito vijito, na ungekuwa uzuri wa kukutoa machozi. Lakini chini ya kila kijito kumeganda povu, jeupe juu, kahawia chini, limerundikana kwenye mawe kama sufi iliyotoka godoroni. Upepo ukalichomoa bonge moja, likanitua begani. Nililipangusa, nikanusa vidole: sabuni, na nyuma ya sabuni, choo. Watu walikuwa wakipiga picha.

Kijana aliyenivusha kwa mtumbwi aliniuliza mto huu unaishia wapi. Nikamwambia kwetu, kati ya Malindi na Mambrui, baharini. Alikaa kimya akilitazama povu likipita ubavuni mwa chombo.

"Na nyinyi mnakula samaki wa huko?"

Nikamwambia tunakula, na mjomba wangu ndiye anayewavua.

Nisalimie shangazi. Ijumaa nipo njiani, inshallah.

Mpwa wako