Umri wa Kunywa Pombe: Ushuke au Ukae?

Katika nchi ya Marekani iko sheria moja ambayo watu wameshindana juu yake miaka mingi, nayo ni hii: kijana asiyetimiza miaka 21 haruhusiwi kununua kileo cha namna yo yote, ikiwa ni bia, au mvinyo, au pombe kali. Wako wasemao kwamba umri huo ni mkubwa mno, yafaa ushushwe mpaka 18. Wako wengine wasemao kwamba kuushusha ni kuchimba makaburi. Nimeyasoma maneno ya pande zote mbili kwa saburi, kwa kuwa mimi ni mwalimu, na vijana ninaowafundisha wanaukaribia sana umri huo. Tena jambo lenyewe si la Marekani peke yake.

Hoja ya wanaotaka ushuke si ya kudharauliwa. Wanasema: Kijana wa miaka 18 huko aweza kupiga kura, na kufanya mapatano ya kazi, na kuhukumiwa kama mtu mzima, na kuchukua bunduki akaifie nchi yake. Naye akirudi vitani na mguu mmoja, mwenye duka atamwambia, Siwezi kukuuzia bia, wewe ungali mdogo. Je, hiyo ni haki? Swali hilo ndilo lililoishusha sheria zamani. Wakati wa vita vya Vietnam vijana wa 18 walikuwa wakiandikwa jeshini kwa lazima, hali hawana kura. Basi mwaka 1971 katiba ya Marekani ilirekebishwa mara ya 26, umri wa kura ukatoka 21 ukawa 18. Majimbo mengi yakaona kwamba aliye mtu mzima mbele ya sanduku la kura awe mtu mzima mbele ya chupa pia. Kati ya 1970 na 1975 majimbo 29 yaliushusha umri wa kunywa, mengine mpaka 18, mengine mpaka 19 au 20.

Walakini majimbo hayakuwa sawa. Kijana wa jimbo lenye sheria ya 21 aliingia katika motokaa pamoja na wenzake, wakavuka mpaka, wakanywa upande wa pili, kisha wakarudi usiku wakiwa wamelewa. Wamarekani wakaiita mipaka hiyo mipaka ya damu. Ajali zikaongezeka hata majimbo kadhaa yakaanza kurudi nyuma yenyewe kabla ya 1980.

Mwaka huo wa 1980, katika jimbo la California, msichana wa miaka 13 aligongwa na motokaa ya mlevi alipokuwa akitembea kando ya barabara, akafa. Mama yake, Candy Lightner, akaanzisha chama cha akina mama cha kupinga ulevi wa madereva, na chama hicho kikapata nguvu nyingi. Hapa nasimama kidogo, maana wasimulizi wengi huliruka neno hili: mlevi yule hakuwa kijana. Alikuwa mtu wa makamo, tena alikuwa amekwisha kukamatwa zamani kwa kosa lilo hilo. Basi asije mtu akatuambia kwamba ulevi ni maradhi ya vijana tu, na sisi wenye ndevu tu salama.

Marufuku ya pombe iliyowekwa Marekani tangu 1920 ilipofutwa mwaka 1933, kazi ya kuangalia vileo iliachiwa majimbo. Kwa hiyo Bunge la nchi nzima halikuamuru umri moja kwa moja. Lilipita njia ya fedha. Tarehe 17 Julai 1984 Rais Ronald Reagan alitia sahihi sheria kwamba jimbo lo lote litakaloruhusu walio chini ya miaka 21 kununua vileo litapunguziwa fedha za barabara, kwanza 5 kwa mia, baadaye 10 kwa mia. Jimbo la South Dakota, lililowaruhusu vijana wa 19 kununua bia hafifu, lilikwenda mahakamani, nayo Mahakama Kuu mwaka 1987 ikaamua, majaji 7 kwa 2, kwamba Bunge halikukosa. Hata ilipofika 1988 majimbo yote 50 yalikuwa yamekwisha kukubali. Mimi binafsi siipendi sana njia hiyo. Yafanana na mwalimu awanyimaye watoto uji ili wanyamaze. Lakini matunda yake yaonekana. Vifo vya madereva vijana katika ajali za ulevi vilipungua sana. Kweli mikanda ya motokaa na adhabu kali kwa madereva walevi vilisaidia pia, wala si haki kuipa sheria ya umri sifa yote. Illa wachunguzi waliolinganisha jimbo na jimbo, mwaka kwa mwaka, waliona kwamba sheria hiyo ina sehemu yake, nao wataalamu wa barabara wa serikali huhesabu waliookolewa kwa mamia kila mwaka.

Mabishano hayakuisha. Mwaka 2008 John McCardell, aliyekuwa mkuu wa chuo cha Middlebury, aliwaita wakuu wenzake wa vyuo wautazame upya umri wa 21, na zaidi ya wakuu 100 walitia sahihi. Mwito wao waliupa jina la jiwe la amethisto, lile la mwisho katika misingi kumi na miwili ya mji katika Ufunuo. Kwa Kiyunani maana yake ni asiyelewa, kwa kuwa Wayunani wa kale walidhani jiwe hilo humzuia mtu asilewe. Wakuu hao walisema kwamba wanafunzi wao wanakunywa vile vile, ila kwa siri, vyumbani, kwa haraka na kwa wingi, pasipo mtu mzima wa kuwatazama. Neno hilo nalipokea, maana watu hao walikuwa wakiwazika wanafunzi wao wenyewe.

Kisha husemwa: Tazameni Ulaya, mtoto hufundishwa kunywa mezani kwa baba yake, asiwe mlevi. Ni kweli Udachi huwaruhusu vijana wa 16 kununua bia na mvinyo. Lakini masomo yanayofanywa kati ya wanafunzi yaonyesha kwamba katika nchi nyingi za Ulaya vijana hulewa zaidi kuliko wenzao wa Marekani, si pungufu. Na nchi zenyewe zinapanda, hazishuki: Ufaransa ilipandisha umri wa kununua mvinyo na bia kutoka 16 mpaka 18 mwaka 2009, na Uholanzi ikafanya hivyo mwaka 2014.

Lililoniamulia zaidi ni la New Zealand. Nchi hiyo mwaka 1999 iliushusha umri wa kununua kutoka 20 mpaka 18. Wachunguzi walipohesabu ajali za ulevi waliona zimeongezeka kati ya vijana wa 18 na 19, ukiwalinganisha na waliowazidi umri kidogo. Hilo lilitazamiwa. Lakini ziliongezeka pia kati ya watoto wa 15 mpaka 17, ambao sheria haikuwapa ruhusa hata kidogo! Mwalimu haulizi sababu yake. Kijana wa 18 hana rafiki wa 30. Rafiki zake ni wa 16 na 17, wanacheza mpira pamoja, wanaketi dawati moja. Ukimpa yeye ruhusa ya kununua, umewapa na wale. Hata hivyo Bunge la nchi hiyo mwaka 2012 lilipiga kura likauacha umri pale pale pa 18, maana kilichoshuka ni vigumu kukipandisha.

Darasani mwangu kijana mmoja aliuliza, Mwalimu, ikiwa mtu aweza kukabidhiwa nchi kwa kura, mbona asikabidhiwe bilauri? Nilimjibu kwamba kura huhesabiwa pamoja na za maelfu, na ukikosea wako wengine wa kukuzuia. Bali mlevi barabarani yu peke yake na usukani. Hakuridhika, nami sikumlaumu, maana swali lake ni zuri kuliko jibu langu. Waganga nao wanatuambia kwamba ile sehemu ya ubongo inayomzuia mtu asifanye la haraka haikomai mpaka amepita miaka 20 na zaidi. Na hapo vijana hujibu kwamba wazee wengi nao hawajakomaa.

Sisi Waafrika twaijua vema aibu ya mtu mzima kuitwa mtoto. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia pombe kali za Kizungu zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, na baadaye serikali za kikoloni ziliwakataza Waafrika kuzinywa, hata mzee mwenye wajukuu. Kipimo hakikuwa umri, kilikuwa rangi ya ngozi. Kwa hiyo namwelewa kijana akikasirika. Lakini zuio la umri tulikuwa nalo kabla ya wageni. Huku kwetu Uchagani babu yangu alinisimulia kwamba kijana asiyeoa alibeba kibuyu cha mbege kuwapelekea wazee, akarudi mikono mitupu. Hakuna polisi aliyemlinda. Alilindwa na macho ya watu.

Macho hayo sasa yamefumba. Jirani zetu wa Kenya, ambao sheria yao ya mwaka 2010 inaweka 18, walitoa mwaka 2025 shauri la kupandisha mpaka 21, na mabishano ya kura na chupa yakaanza huko upya. Kwa Marekani, nasema umri usishuke. Kwetu sioni faida ya kuandika 21 ikiwa hata 18 haitazamwi. Pombe kali katika vifuko vya plastiki, vile tulivyoviita viroba, vilipigwa marufuku Tanzania mwezi wa Machi 2017, na jambo hilo lilisaidia kuliko hotuba nyingi, maana mtoto hakuweza tena kununua ulevi kwa fedha ya maandazi na kuuficha mfukoni mwa sare. Lakini chupa ndogo zimebaki. Mtoto wa miaka 12 hutumwa na baba yake jioni, naye hupewa chupa pasipo kuulizwa neno.

Mwezi uliopita niliwaendea wenye maduka watatu walio njiani kati ya shule na soko, nikawaomba wasimpe mtoto chupa, hata akisema ametumwa. Wawili walikubali. Wa tatu alinijibu kwa adabu kwamba akimkataa mtoto, baba mtu atakwenda kununua sukari na sabuni pia kwa jirani. Nimepatana na baadhi ya wazazi kwamba tumrudie Jumamosi tukiwa wengi, na sukari tutakayohitaji tuinunue kwake.