Misioni ya Mkubwa Mmoja
Wanaosimulia habari za Kanisa Katoliki la Kasongo na Kabambare, huku Maniema mashariki mwa Kongo, hupenda kusema kwamba uongozi wa pamoja umekuja juzi, na sinodi aliyoifungua Papa Fransisko mwaka 2021. Kumbukumbu yangu yakataa. Mapadre Weupe, tangu enzi ya mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, walikuwa na sharti kwamba misioni isikae na watu pungufu ya watatu. Kwa macho ya leo hiyo ni timu. Ila watatu hao walikuwa wageni, mmoja wao alikuwa mkubwa wa misioni, na katekista aliyetoka kijijini alikuja kupokea agizo, hakuja kutoa rai. Vikariati ya Kasongo ilipozaliwa mwaka 1952 chini ya Askofu Richard Cleire, na hata ilipofanywa dayosisi mwaka 1959, amri iliendelea kushuka vilevile kutoka juu.

Kilichogeuza mambo ni mito, njia mbovu na vita. Ni kweli kwamba mwaka 1961 maaskofu wa Kongo walikutana Leopoldville (Kinshasa ya leo) wakaamua Kanisa lijengwe juu ya jumuiya hai zilizo ndogo kuliko parokia, ambazo huku mashariki tunaziita mashirika. Uamuzi huo ungeweza kubaki karatasi. Lakini mwaka 1964 uasi wa Simba ulipita Maniema; wamisionari wakauawa au wakakimbia, na mahali pengi waliobaki na ufunguo wa kanisa ni makatekista na wazee. Ibada ya Jumapili, mazishi, ugomvi wa ndoa, yote yaliamuliwa na watu walioketi pamoja kwa kuwa hapakuwa na wa kuulizwa. Mwaka 1972 Rais Mobutu akapiga marufuku vyama vya vijana vya makanisa, na shirika likabaki kimbilio. Vita vya 1998 vikatufundisha somo lilelile upya: padre asipoweza kuvuka mto Luama, Wakristo wa ng'ambo hawaachi kuwa Kanisa. Ndiyo maana siwaelewi wanaodai kwamba uongozi wa pamoja ni mtindo wa Ulaya.

Ushahidi mwingine kwamba timu yaweza kuongoza uko nje ya Kanisa, palepale Kasongo. Tangu mwanzo wa miaka ya 1970, waganga wa Kongo na wenzao wa Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp walijaribu huko namna mpya ya kuendesha afya ya vijijini, hospitali na vituo vya afya vikiwa mwili mmoja chini ya timu. Utafiti wao juu ya chanjo ya surua ulipotoka katika jarida la Lancet mwaka 1981, mahali pa jina la mwandishi paliandikwa jina la timu nzima. Daktari mkuu hakupungukiwa na heshima. (Maaskofu wangapi wangekubali barua yao ya kichungaji itoke hivyo?)

Wapo wanaopinga, na hoja zao si za kubezwa. Husema kwamba kazi ikiwa ya wote, likiharibika jambo hakuna wa kushikwa. Najibu kwamba mkubwa aliyeshika daftari la fedha peke yake naye hakuwa na wa kumshika. Wengine hutaja sheria ya Kanisa: askofu ndiye mchungaji wa dayosisi, na baraza la kichungaji humshauri tu. Kweli. Lakini sheria hiyohiyo ya 1983 inaruhusu parokia moja kukabidhiwa mapadre kadhaa kwa pamoja, mmoja akiwa mratibu, na inamlazimu askofu kuwa na baraza la mapadre na baraza la uchumi. Tena katika mambo makubwa ya mali sheria hairidhiki na ushauri. Inamtaka askofu apate ridhaa ya baraza la uchumi na ya washauri wake. Basi mlango umo ndani ya sheria yenyewe. Hoja inayonisumbua ni ya tatu: timu hugeuka kuwa kikundi cha walimu na wafanyabiashara, huku wanawake, wanaobeba kazi nyingi za shirika, wakingoja kuarifiwa. Sina jibu jepesi, isipokuwa kwamba dawa yake haiwezi kuwa kumrudisha mkubwa wa misioni. Viti vya baraza vijazwe kwa kuchaguliwa na mashirika yenyewe, kwa muda uliowekwa, na hesabu ya sadaka isomwe mbele ya wote waliotoa.